Ukimpa Mtoto Jina, Hakikisha Limeandikwa Sawasawa

Mtu anayeitwa Nyang'au akiwa Keroka au Ogembo hana wasiwasi wowote na jina lake. Wapo walimu, madaktari na wazee wa kanisa wanaoitwa hivyo. Lakini mpeleke kijana huyo shule ya bweni Mombasa. Siku ya kwanza mwalimu akisoma majina, darasa zima linaangua kicheko, maana kwa Kiswahili kumwita mtu nyang'au ni kumtukana. Likizo ikifika, kuna anayerudi nyumbani akidai jina libadilishwe leo hii, na kuna anayeapa kwamba hata aoe, hata azae, haliachi. Wote wawili sheria ya Kenya inawakubalia. Anayeteseka zaidi ni yule ambaye jina lake limeandikwa hivi kwenye kitambulisho, vile kwenye cheti cha shule, na namna nyingine kabisa kwenye hati ya shamba.

Pengine umejiuliza kwa nini majina ya Kisii na Nyamira huwashangaza watu wa kwingine. Mengine ni ya mababu: mtoto hurithi jina la jamaa aliyefariki, au huitwa kwa tukio la siku aliyozaliwa. Kwamboka ni wa kuvuka mto, Nyanchera ni wa njiani. Mengine yalikuja na Biblia. Wamisionari Wakatoliki walifungua kituo Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakajenga Nyanchwa muda mfupi baadaye. Watu wetu waliisoma Biblia mpaka kurasa ambazo wengine huziruka, ndiyo maana hapa utawakuta akina Zefania, Elkana na Naftali. Naftali Temu ndiye aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico City mwaka 1968. Yobes Ondieki naye, mwaka 1993 kule Oslo, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Sijasikia kwamba kuna aliyecheka jina la Yobes jioni ile.

Je, ni lazima mtoto awe na jina la kizungu? La. Sheria ya usajili haidai hivyo. Hata Kanisa Katoliki, tangu sheria zake za mwaka 1983, linachokataza ni jina linalokwenda kinyume na imani, kwa hiyo Moraa anaweza kubatizwa Moraa. Na tangu Mary Moraa ashinde ubingwa wa dunia wa mita 800 huko Budapest mwaka 2023, jina hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Ukijifungua hospitalini, iwe ile ya rufaa ya Kisii, ya Nyamira au zahanati ya karibu, mhudumu wa afya hujaza fomu ya taarifa ya kuzaliwa, inayojulikana kama B1. Ukijifungua nyumbani, mwendee naibu wa chifu wa eneo lako, yeye ndiye anayeijaza. Utakatiwa kipande cha fomu hiyo ubaki nacho. Kitunze vizuri, kwani ndicho utakachotumia kuombea cheti cha kuzaliwa.

Hapa naomba usiwe na haraka. Mama amechoka, muuguzi ana foleni, jina linatajwa kwa mdomo na kuandikwa lilivyosikika. Ekegusii, lugha yetu, haina sauti ya L, kwa hiyo bibi akitaja Mellen, karani anaweza kusikia Merren. Callen akageuka Karen, Elkana akawa Erkana. Usilitaje tu. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ukiwa bado nyumbani, uende nalo, umpe mhudumu anakili. Kisha soma kile kipande herufi moja moja kabla hujaondoka kwenye meza. Kosa likionekana papo hapo hurekebishwa kwa kalamu; likionekana miaka 18 baadaye, litarekebishwa kwa wakili.

Kuna pia kile kialama kidogo cha juu, kama kwenye Mong'are, Ong'era na Nyang'au. Kompyuta nyingine hukiacha, nyingine hukiweka. Amueni kama familia mtakavyoandika, na muandike vivyo hivyo kwa watoto wote. Ndugu wawili, mmoja Ongera na mwingine Ong'era, watakuja kusumbuana siku ya kugawana mirathi.

Mtoto anatakiwa asajiliwe ndani ya miezi 6. Baada ya hapo inakuwa usajili wa kuchelewa, wenye ada ya juu zaidi na ushahidi mwingi. Cheti chenyewe huombwa kupitia eCitizen, na usiyejua kutumia mtandao utasaidiwa katika Huduma Centa iliyoko mjini Kisii au Nyamira. Tangu ada zilipopandishwa mwaka 2024, cheti cha kuzaliwa ni shilingi 200, kutoka 50 za zamani. Ada hubadilika, kwa hiyo itazame kwenye eCitizen kabla ya kulipa, na usimpe dalali wa nje ya ofisi hata shilingi.

Na kama mmeshasajili, kisha familia ikaona jina halifai? Labda magokoro, yaani bibi, ameota ndoto, au mmegundua jina hilo ni la mtu ambaye ukoo hautaki kumkumbuka. Sheria inawapa wazazi miaka 2 tangu siku ya usajili kulibadili kwa msajili wa vizazi, kwa kulipa ada na kuonyesha ushahidi atakaoutaka. Wengi hawalijui hili, wanaacha muda unapita.

Mama asiyeolewa naye asikubali kuambiwa kwamba nafasi ya baba ni ya kujazwa herufi X. Mahakama Kuu iliamua mwezi Mei 2016 kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki ya jina la baba yake kwenye cheti.

Kwa mtu mzima, anza kwa kujua tatizo lako ni kubwa kiasi gani. Kama ni herufi tu zinazotofautiana, Josphat huku na Josephat kule, mara nyingi hati ya kiapo inatosha. Hiyo ni karatasi unayoapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni yako. Karibu na mahakama za Kisii na Nyamira hutakosa wakili mwenye mamlaka hayo. Uliza kwanza ofisi inayokudai karatasi kama itaikubali.

Kama unataka kuliacha jina kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina. Kwa wakili sema deed poll, ndivyo wanavyoiita. Utatia sahihi kwa jina la zamani na la sasa, mtu anayekujua kwa miaka mingi ataapa kwamba ni wewe, kisha hati itasajiliwa kwa Msajili wa Hati Nairobi na tangazo litatokea kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, linalochapishwa siku ya Ijumaa. Tangazo hutaja jina ulilolikana, jina jipya, na nambari za jalada lako. Mwambie wakili akuandikie gharama kwa mafungu: yake, ya msajili, ya gazeti. Akitaja jumla moja ya mkupuo, nenda kwa mwingine ukalinganishe.

Kabla ya kufika huko, zungumza nyumbani. Jina la Kigusii mara nyingi ni la marehemu, na mama mzazi akisikia kwa majirani kwamba umelikana jina la mama yake, atalichukua kama umemkana yeye. Binafsi naona afadhali kutumia jina lako lingine kazini na kuliacha la ukoo mahali pake. Lakini mwenye kuitwa kila siku ni wewe, si mimi.

Ukishapata tangazo, anza na kitambulisho. Ndipo uende KRA, benki na kwa mwajiri. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, na ofisi ya uhamiaji ipo Kisii, huna haja ya kwenda Nairobi. Vyeti vya mtihani ndivyo vigumu zaidi: Audrey Mbugua alilazimika kulishtaki baraza la mitihani, KNEC, ndipo Mahakama Kuu ikaamuru, mwaka 2014, abadilishiwe jina kwenye cheti chake cha KCSE. Kwa hiyo mwenye mtoto shuleni aende akague jina kabla mwalimu hajafunga usajili wa mtihani wa kitaifa. Na vyeti vyako vya jina la zamani usivitupe. Vibane pamoja na nakala ya tangazo la gazeti, maana kila ofisi mpya itakudai vyote viwili.