Kadzo, Kazo na Kache: Mafunzo Niliyopata Nikiifundisha Kompyuta Kutafuta Majina

Mnarani iko upande wa kusini wa hori ya Kilifi, na hospitali kubwa ya kaunti iko ng'ambo ya pili. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 1991, safari iliyokuwa ya kungojea feri imekuwa ya dakika chache kwa matatu au bodaboda. Mgonjwa anavuka upesi. Rekodi zake ndizo zinazochelewa. Huku aliandikwa Kadzo, kule akaandikwa Kazo, na kwenye kitambulisho yeye ni Mary. Kwa muda sasa kazi yangu imekuwa kuifanya rejista ya zahanati moja ya upande wetu imtambue mtu huyo mmoja, vyovyote alivyoandikwa.

Njia niliyoifuata ni ya zamani katika akili unde kuliko hizi programu za kuzungumza nazo. Badala ya kuipa kompyuta sheria, unaipa visa vilivyokwisha kuamuliwa; jambo jipya likija, inatafuta kisa cha zamani kinachofanana nalo zaidi na kuanzia hapo. Roger Schank wa Chuo Kikuu cha Yale aliiwekea msingi katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya kumbukumbu. Janet Kolodner, aliyesoma kwake, akaunda CYRUS, programu iliyohifadhi safari na mikutano ya Cyrus Vance, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, na kujibu maswali kuihusu. Mwaka 1994 Agnar Aamodt na Enric Plaza waliigawa kazi hii katika hatua nne ambazo bado zinafundishwa: tafuta kisa kinachofanana, kitumie tena, kirekebishe, kihifadhi. Hatua ya kwanza husomeka kama nyepesi. Hapa kwetu ndiyo nzito kuliko zote.

1. Kanuni ya kulinganisha huja na masikio ya aliyeitunga

Kanuni ya majina iliyoenea sana duniani ni Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Inabakisha herufi ya kwanza ya jina, inatupa vokali, na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Majina yenye alama moja huhesabiwa kuwa yanasikika sawa.

Jaribu kwa majina yetu. Kadzo hupata K320. Kazo hupata K200. Kache naye hupata K200. Maana yake, Kadzo na Kazo, jina moja lililoandikwa na makarani wawili, yanatenganishwa, huku Kazo na Kache, majina mawili ambayo hakuna mama wa Kigiriama angeyachanganya, yanawekwa pamoja. Tsuma hupata T250 na Suma S500, hata kukutana hayakutani, kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi. Dzombo na Zombo vilevile. Sauti za dz na ts zimejaa katika lugha za Mijikenda, Kigiriama kikiwamo, na karani aliyezoea Kiswahili cha shuleni huzipunguza bila kujua.

Tulipoandika kanuni zetu wenyewe, kwamba dz na z zihesabiwe moja, ts na s zihesabiwe moja, na jina la ubatizo liwekwe kando kwanza, utafutaji uliboreka zaidi kuliko kwa marekebisho mengine yote. Mifumo mipya inayogeuza maneno kuwa vekta, yaani msururu wa namba, na kutafuta zilizo jirani, ina nguvu kubwa, lakini ujirani huo umejengwa kwa maandishi ambayo ndani yake Kigiriama ni tone. Siwezi kuikabidhi rejista ya Kilifi kabla ya kuipima kwa majina ya Kilifi.

2. Jina la babu hurudi kwa mjukuu

Kwa Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa babake. Karisa akimzaa Charo, Charo humwita mwanawe Karisa. Sasa andika majina matatu kama serikali inavyotaka: lako, la baba, la babu. Babu ni Karisa Charo Karisa. Mwanawe ni Charo Karisa Charo. Mjukuu ni Karisa Charo Karisa.

Babu na mjukuu wana jina lilelile, herufi kwa herufi. Baba naye ana maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine, na programu nyingi za kutafuta hupuuza mpangilio wa maneno zikidhani zinamsaidia mtu. Mtoto wa kwanza wa kiume wa ami, Kahindi, akizaliwa, atakuwa Karisa Kahindi Karisa, tofauti ni jina la kati peke yake. Ukoo mzima unakaa ndani ya majina machache, na hilo ni jambo la heshima kwa waliotangulia, si kasoro ya takwimu. Anayetengeneza rejista ndiye anayepaswa kujua kwamba mwaka wa kuzaliwa hapa unabeba mzigo ambao kwingineko hubebwa na jina.

3. Kinachopatikana kwa wingi hakithibitishi mengi

Ivan Fellegi na Alan Sunter, watakwimu wa Kanada, walilieleza hili kihesabu mwaka 1969: rekodi mbili zikikubaliana katika kitu adimu, makubaliano hayo yapewe uzito mkubwa, zikikubaliana katika kitu cha kawaida, uzito uwe mdogo. Kazungu wawili Kilifi si ushahidi wa lolote. Kazungu wawili katika rejista ya Kisumu, hapo simama utazame vizuri. Tarehe 1 Januari nayo usiiamini: wazee wengi ambao siku yao ya kuzaliwa haikujulikana waliandikiwa hiyo, kwa hivyo inawakutanisha watu ambao hawana uhusiano wowote.

4. Mstari ulionyooka huvuka maji

Nilipoingiza umbali kati ya makazi, kompyuta ilipima kama ndege anavyoruka. Hori yetu huingia ndani na kupanuka penye Bahari ya Wali, na maboma mawili yanayotazamana huko yanaonekana kwenye ramani kuwa jirani, ilhali kwa miguu ni safari. Pima kwa njia za watu.

5. Wako wanaofanana bila herufi hata moja

Mwanamke aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914 alizaliwa Mnyazi wa Menza. Historia inamjua kama Mekatilili, kwa kuwa alikuwa mamake Katilili. Weka Mnyazi na Mekatilili mbele ya kanuni yoyote ya herufi: itakuambia hawa hawajuani.

Desturi hiyo haijaisha. Mwanamke huja zahanati akiitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, kitambulisho kinasema jina la ubatizo na la babake, na kijitabu cha kliniki kina jina la mume. Hapa huwezi kukaza tu kipimo cha ufanano. Unahitaji kujua habari nyingine inayomuunganisha, na habari hiyo lazima mtu aseme kwamba ipo.

6. Hifadhi sababu pamoja na uamuzi

Aliyeniambia kwamba habari hiyo ipo ni karani wa dirishani. Nilikaa kando yake asubuhi moja akimhudumia mama ambaye kijitabu chake kililowa mvua hadi wino ukatoka wote. Karani hakuanza kwa jina.

“Mama, mzaliwa wako wa kwanza anaitwaje?”

“Karisa.”

“Kabla ya kuhamia hapa mlikuwa mkikaa wapi?”

“Mavueni, kwa mkwe wangu.”

“Na kanisani wanakuita nani?”

“Padri aliniandika Mary. Lakini nyumbani mimi Kadzo, mwanangu.”

Rekodi ilipatikana, na sindano za mtoto zikaendelea pale zilipoachiwa. Nilimwomba karani aniambie amejuaje, akajibu kwamba jina la mzaliwa wa kwanza linakupa jina la baba mkwe, na baba mkwe hahami. Ukilitafakari, jibu hilo lina somo la pili na la tano kwa pamoja, na hakulisoma popote.

Tangu hapo, kila mara makarani wanapoamua kwamba kadi mbili ni za mtu mmoja, au kwamba si za mtu mmoja, programu huuliza kwa nini. Sababu huhifadhiwa pamoja na kisa. Kisa kipya kikija, hatutafuti tu rekodi inayofanana, tunatafuta uamuzi wa awali ambao sababu yake inaweza kusimama hapa pia. Nafasi ya mzaliwa wa kwanza na ya makazi ya zamani sasa ziko katika fomu.

Wanaosoma fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hapa Pwani wataitambua hatua hii mara moja. Katika kiyasi, yaani kulihukumu jambo jipya kwa kulilinganisha na lililokwisha kuhukumiwa, kuna asili, kuna tawi, kuna hukumu, na katikati iko illa, sababu inayoziunganisha. Dawa za kulevya hazifanani na mvinyo kwa rangi, kwa harufu wala kwa umbo, na bado zinapewa hukumu ya mvinyo kwa kuwa illa ni moja, kulevya. Kevin Ashley, aliyeunda programu ya HYPO ya kulinganisha kesi za kisheria miaka ya 1980, alifanya kazi ya namna hiyo: kesi zililinganishwa kwa mambo yanayoupa upande mmoja nguvu au udhaifu. Mtu akiniambia mfumo wake “unatafuta kinachofanana”, swali langu ni moja: kinafanana katika nini?

7. Makosa mawili hayalingani

Ukimgawanya mtu mmoja kuwa wawili, atachanjwa tena au atajaza fomu upya. Ukiwaunganisha watu wawili kuwa mmoja, huenda mmoja akapewa dawa ambayo mwenziwe ndiye anayeivumilia, au siri ya ugonjwa wa mmoja ikasomwa mbele ya mwingine. Hili la pili ni hatari zaidi, kwa hivyo kompyuta haiunganishi rekodi peke yake. Inaleta chache zilizo karibu, karani anaamua. Pacha ndio mtihani wenyewe: mama mmoja, siku moja, kijiji kimoja, majina ya baba na babu yaleyale. Kwa hesabu wanakaribia kuwa mtu mmoja. Kwa mama yao, hapana.

8. Majina yakikutana, watoto wanapona

Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kiko Kilifi tangu 1989. Mwaka 2000 kilianza kuwafuatilia wakaazi wa eneo la kilomita za mraba 891 kuzunguka hospitali, watu ambao baadaye walizidi robo milioni, na anayelazwa hutafutwa katika rejista yao. Chanjo ya kuzuia bakteria wa nimonia ilipoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, ikawezekana kujua ni watoto wangapi waliougua kati ya wote wanaoishi pale. Ugonjwa mkali unaoletwa na aina za bakteria zilizomo katika chanjo ulipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Hesabu kama hiyo haipatikani ikiwa Kadzo na Kazo ni watu wawili.

Kwa hivyo naomba, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani na yeyote anayetengeneza rejista ya zahanati, shule au chama hapa Kilifi: kusanyeni majina ya Mijikenda na tahajia zake zote, majina peke yake bila habari za wenyewe, na muigawe orodha hiyo bure. Kabla ya kuandika programu, kaeni na karani wa dirishani. Na katika fomu, wekeni nafasi ya jina la mzaliwa wa kwanza.