Ng'ombe Yuleyule, Nyasi Zilezile

Swali: Je, sheria hutungwa na wenye nacho ili kuwabana wasio nacho? – Msomaji, Myamba, Same

Jibu: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwaka 1842 Karl Marx aliwatetea wanavijiji wa Ujerumani walioitwa wezi kwa kuokota kuni msituni, desturi yao ya tangu zamani. Kwenu, Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951. Baadhi ya wafugaji waliruhusiwa kubaki, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaondolewa. Ng'ombe yuleyule, nyasi zilezile, lakini mchungaji sasa ni mhalifu. Utasema sheria humlinda pia maskini anayeibiwa kuku. Kweli, tena ni ulinzi anaouhitaji sana. Hata hivyo wafugaji waliposhtaki, Mahakama ya Rufani mwaka 1999 haikuwaruhusu kurudi. Mtalii aliyelipa kiingilio yumo ndani ya Mkomazi kihalali.