MURSIK: JIFUNZE KUANDAA KIBUYU KISICHOLETA MADHARA

Familia nyingi za Bomet na Kericho zinazoishi mijini hupokea mzigo mmoja kutoka nyumbani bila kukosa: kibuyu cha mursik. Wanariadha wetu wanaporejea na medali, hunyweshwa mursik papo hapo uwanja wa ndege. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza ni nini kinachoendelea ndani ya kibuyu hicho?

Kwa kweli, kibuyu, ambacho Wakipsigis hukiita sotet, ni mtambo wa nyumbani wa kuoteshea viini. Ndani yake huishi makundi mawili. La kwanza ni bakteria wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na hao ndio wanaoyachachusha. La pili ni hamira, jamaa ya ile ya mkate na busaa. Hamira nyingi haziwezi kula sukari ya maziwa moja kwa moja. Husubiri bakteria waivunje, kisha hula mabaki na kutoa gesi na kiasi kidogo cha pombe.

HATARI IKO WAPI?

Pombe inapovunjwa, iwe ni kibuyuni, kinywani au mwilini, hutokea kemikali iitwayo asetaldehaidi. Mwaka 2009 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitaja asetaldehaidi itokanayo na unywaji wa pombe kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Jambo hili lina uzito wa pekee Bomet. Kwa miaka mingi Hospitali ya Tenwek imekuwa ikipokea wagonjwa wengi wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula, wakiwemo vijana wa chini ya miaka 30. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliowashirikisha madaktari wa Tenwek. Sampuli nane za mursik zilipimwa, na tano zilikuwa na asetaldehaidi ya kiwango kinachoweza kudhuru chembechembe za urithi.

Hii haina maana kwamba mursik imethibitishwa kuleta saratani. Sampuli nane ni chache, na ugonjwa huu una sababu nyingi, zikiwemo pombe na tumbaku. Hata chai inayonywewa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 ilitajwa mwaka 2016 kuwa huenda inachangia. Hata hivyo, mwenye busara hupunguza hatari anayoweza kuipunguza.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chagua kibuyu kikavu kisicho na ufa. Mabaki ya maziwa hujificha kwenye nyufa, na hamira huzaana humo.

2. Kisugue ndani kwa sosiot, ile brashi ya kienyeji, ukitumia maji moto hadi yatoke safi. Suuza kwa maji yanayochemka, kisha ukianike juani kikiwa kimeinama hadi kikauke kabisa.

3. Choma kijiti cha senetwet hadi kiwe kaa, kisha usugulie ndani ya kibuyu. Kung'uta vipande vilivyolegea.

4. Chemsha maziwa hadi yatokote. Maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela na hata kifua kikuu. Yaache yapoe kabisa, yakiwa yamefunikwa.

5. Tia vijiko viwili vya maziwa lala mapya kwa kila lita. Hivyo bakteria hutangulia kabla hamira haijapata nguvu. Usitumie mabaki ya kibuyu cha zamani kama mbegu.

6. Usijaze kibuyu hadi mdomoni, maana gesi huhitaji nafasi. Funika, weka mahali penye ubaridi, na uandike tarehe.

7. Kunywa mursik ikiwa changa, baada ya siku chache tu, badala ya kuiweka kwa majuma. Kadiri hamira inavyopata muda, ndivyo inavyozidi kufanya kazi yake.

DALILI ZA KUTAHADHARI

Kibuyu kikifoka povu unapokifungua, au mursik ikinuka pombe, jua hamira imeshinda. Imwage, usione hasara. Ukiona ukungu wa rangi, mwaga pia. Usiwape mursik watoto wa chini ya miezi sita. Hao maziwa ya mama yanawatosha.

La mwisho, na ndilo kubwa: ukihisi chakula kinakwama kifuani, ukianza kuteremsha ugali kwa maji, au ukikonda bila sababu, usingoje. Wengi hufika hospitalini wakati hata uji haupiti. Saratani ya umio ikigunduliwa mapema, nafasi ya kutibiwa huwa kubwa zaidi. Mursik ni urithi wetu, na urithi hutunzwa kwa usafi.