Kuchagua Gazeti la Mambo ya Fedha

Ndugu msomaji, kabla hujatoa ada ya mwaka kwa gazeti lifundishalo kutunza fedha, lipime kwa maswali matatu.

La kwanza: Lahesabu fedha za nani? Gazeti la Money lilianza Marekani mwaka 1972, nalo lilieleza kodi na akiba za watu wa huko. Lakini mkulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, hapati mshahara wa mwezi. Hupata fedha mboga zake zishukapo sokoni, kisha hungoja. Gazeti lisilojua kungoja huko halitamfaa.

La pili: Lalishwa na nani? Kurasa zake zikijaa matangazo ya wakopeshaji, usitazamie likuonye juu ya riba zao.

La tatu: Lakufundisha kupima, au lakuharakisha? Ukumbuke mchezo wa fedha ulioitwa DECI, ambao Serikali iliuzuia mwaka 2009. Watu "walipanda" fedha wakitumaini "kuvuna" zaidi. Gazeti jema hufundisha kuuliza: Faida hii yatoka katika kazi gani? Maana katika michezo ya namna hiyo, mavuno ya wa kwanza ni mbegu za wafuatao.

Basi, azima matoleo ya mwaka uliopita, uone kama mashauri yake yalisimama. Likikufaa, lipieni watu watatu au wanne kwa pamoja. Mwalimu wa kanisa ajihadhari zaidi, maana asomalo yeye, wengi hulifuata. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.