Mapokeo ya Watu na Amri ya Mungu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mtu wa pwani apandaye kwa biashara mpaka Iwawa, kwa Wakinga, katika milima ya Njombe, atakuta wenyeji wengi ni Wakristo wa Kilutheri. Mbegu hiyo waliipanda wamishonari wa Berlin mwishoni mwa karne ya 19, huko Bulongwa na Tandala. Yampasa aijue hoja yao kabla ya kujadiliana nao, kwani ajibuye asilolijua hujiaibisha.

Martin Luther, aliyeanza kuteta na Kanisa la Roma mwaka 1517, alishika kuwa Maandiko ndiyo yenye kuhukumu, si mapapa. Roma wakajibu mwaka 1546, katika mkutano wa Trent, kuwa mapokeo ya mitume hupokewa kwa heshima moja na Maandiko.

Basi na iulizwe khabari ya Sabato. Amri iliyomo katika Taurati yaitaja siku ya saba, nao hukusanyika Jumapili. Mlutheri mwenye elimu hakosi jawabu: Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lasema Sabato imeondolewa na Maandiko yenyewe, kisha Kanisa likaiweka Jumapili kwa utaratibu, watu wajue lini wakutane. Hoja hiyo isikilizwe kwa insafu. Lakini siku iliyowekwa kwa utaratibu imekuwaje ikafundishwa chini ya amri? Wasabato, walioingia Upare mwaka 1903, huwauliza Wakristo wenzao suala hilo hilo.

Na katika Injili ya Mathayo, mlango wa 15, Nabii Isa, alayhi ssalam, awalaumu Mafarisayo: mtu huiita mali yake wakfu wa Mungu ili asiwalishe wazazi wake, nao humwachilia kwa mapokeo yao.

Msomaji asicheke upesi. Katika Suratu Nnisaa, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amempa binti nusu ya fungu la nduguye mwanamume. Huku pwani wangapi husema, "Mila yetu shamba haliendi kwa mwanamke"? Mzee akifa, minazi hugawanywa na wanaume, dada akapewa kanga na maneno mazuri! Mwengine huandika wasia wanawe wa kiume wachukue shamba lote, hali Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, amekataza wasia kwa mrithi. Na kwa madhehebu ya Shafi haupiti illa warithi wengine waridhie baada ya kufa mwenyewe, nao wamebaleghe, wana akili zao. Binti aliyenyamaza kwa kuwaonea haya ami zake hakuridhia; fungu lake limo mle mle shambani, hata ikipita miaka 20.