KUINUA KAMIONETI YA ZAMANI: RESORI AO KABINI?

Wengi wetu tuko na baba ao mjomba mwenye kamioneti ya zamani inayobeba mizigo kati ya Butembo na Beni. Ni kilometa 54 hivi. Lakini mvua ikinyesha, pine zinazama, tumbo la gari linakaa juu ya potopoto, na hapo ni mwisho. Gari ikilala upande wa Maboya, mboga zinaoza na pesa ya masomo inakosekana. Tena kulala njiani siku hizi ni hatari. Basi mwenye gari anasema: tuiinue. Fundi anamuuliza: resori ao kabini?

Kuinua kabini ni hivi. Fundi anafungua bulon zinazoshika karosri, anatia vipande kati yake na shasi, kisha anafunga bulon ndefu zaidi. Shasi na moteri vinabaki palepale. Faida ni nafasi ya kuvaa pine kubwa, basi. Na kama kutu imekwisha kula chuma pale bulon zinapopita, msifanye kabisa.

Kuinua resori kunapandisha shasi na vyote vilivyo juu yake, ndiyo sababu tumbo linapita juu ya potopoto. Lakini amortisere na mipira ya breki lazima ziwe ndefu za kutosha, na kardan isipinde kupita kiasi.

Sasa angalieni neno ambalo hata madereva wanabishana nalo. Hilux 4x4 ya kwanza, ya mwaka 1979, ilikuwa na resori za lamu na ekseli nzima, mbele na nyuma. Kwenye ekseli ya namna hii diferansieli inabebwa na pine, si na resori. Kwa hiyo muinue resori ao kabini, diferansieli haipandi hata kidogo! Ni pine kubwa tu inayoiinua, tena kwa nusu: kipenyo kikizidi kwa sentimeta 6, inapanda 3.

Tuingie katika fizika. Tuseme kati ya pine za kushoto na za kuume kuna sentimeta 140, na kitovu cha uzito, gari ikipakiwa, kiko kwenye 100. 70 kugawa kwa 100: gari inaanguka njia ikilala digri 35. Tukiinua kitovu kwa 10, inaanguka kabla ya digri 33. Na hapo hatujahesabu watu wanaokaa juu ya magunia, wala resori zinazolalia upande mmoja.

Sisi tunaona hivi: kamioneti ya zamani mara nyingi imeshuka kwa sababu lamu zimechoka. Zibadilishwe kwanza, irudi kimo chake cha kiwandani. Kisha mchukue metre, mpime kutoka chini mpaka diferansieli, na kutoka chini mpaka shasi. Kama kinachogusa potopoto ni diferansieli, pesa iende kwenye pine. Kama ni shasi, ndipo muongee na fundi juu ya resori, sentimeta chache tu, na mizigo ipungue kimo.