Kinini cha Titi, Damu ya Kizazi

1. Si hedhi iliyorudi

Hedhi yangu ilikoma nikiwa bado nafundisha shule ya msingi hapa Kolwezi. Miaka ikapita, ikaja saratani ya titi. Baada ya upasuaji nikaandikiwa tamoksifeni ya miligramu 20, kinini kimoja kila siku kwa miaka 5. Kabla sijaimaliza, nikaona doa la damu. Wifi yangu akacheka: "Yaya, umerudi usichanani!" Huku mtaani Manika mambo haya tunayafanyia mzaha, lakini aliyekwisha koma hedhi hana hedhi ya kurudi. Hata majimaji yenye wekundu kidogo yanatosha kumpeleka kwa daktari wa wanawake, tena bila kungoja yajirudie.

2. Dawa inayolinda huku na kuchokoza kule

Mjini kwetu kila ugonjwa umeshapata mshtakiwa: vumbi la migodi, maji ya mto Musonoi, au mchawi. Sidharau vumbi, tunalivuta sote. Safari hii, hata hivyo, chanzo kilikuwa kwenye mkoba wangu. Tamoksifeni huizuia homoni ya estrojeni isilishe saratani ya titi, lakini ikifika kwenye kizazi hufanya kazi kama estrojeni yenyewe. Utando wa ndani hunenepa, vinyama huota, na kwa wachache saratani huanza. Mwaka 1996 shirika la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliiandika miongoni mwa visababishi vya saratani. Shirika la Afya Duniani nalo linaihesabu kati ya dawa muhimu. Yote mawili ni kweli.

3. Usikiache kinini kimyakimya

Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa 1998, kila mwaka saratani ya kizazi iliwapata wanawake kama 2 kati ya 1,000 waliomeza tamoksifeni. Kwa wasioimeza, kama 1. Ongezeko lilikuwa hasa kwa waliovuka miaka 50. Titi ndilo lililonileta hospitali, na likirudi halitakuwa na huruma. Kwa hiyo nilipeleka damu yangu kwa daktari, na dawa nikaendelea nayo mpaka aliposema yeye.

4. Ekografi haimalizi maneno

Rafiki zangu wanaotumia dawa hii wanataka ekografi, yaani ultrasound, kila mara, hata bila dalili. Haishauriwi. Tamoksifeni huvimbisha tishu zilizo chini ya utando, picha ikaonyesha unene wa kutisha pasipo ugonjwa, kisha mtu anachokonolewa bure. Anayetoka damu ndiye wa kuchunguzwa, na kwake jibu hutoka kwenye kipande cha utando kinachosomwa kwa darubini. Changu kilisafirishwa hadi Lubumbashi, kilomita zipatazo 300. Hakikisha karatasi inayoandamana nacho imeandikwa "anameza tamoksifeni", ili msomaji ajue anatazama nini. Nilikuwa na kinyama tu. Kikatolewa.

5. Kuna dawa nyingine, nayo ina yake

Kwa sisi tuliokoma hedhi zipo letrozoli na anastrozoli. Hizi hupunguza utengenezaji wa estrojeni mwilini, wala hazinenepeshi kizazi. Daktari akanihamishia letrozoli. Sasa asubuhi magoti yanagoma mpaka nizunguke uani, na kwa kuwa dawa hii hudhoofisha mifupa, kila ninapokwenda naulizwa kama nimeanguka.